Daftari la Kaniki Ndani ya Jiwe

Harufu ya ndani ya jiwe ni harufu ya mkojo wa pimbi, ya majani yaliyooza na ya karatasi zilizokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Naijua kwa sababu nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilibandika shavu langu kwenye ufa wa jiwe moja kubwa pale Iringa, mkono wangu wa kulia ukiwa ndani mpaka begani, na baba yangu amesimama nyuma yangu akisubiri. Mwaka huu harufu ile imenirudia kwa sababu ya vijana fulani wanaopenda vitabu. Walinijia nyumbani kwangu, mimi mwalimu mstaafu, wakaniambia wanaandaa orodha ya mahali ambapo mwandishi au msomaji akija Nyanda za Juu Kusini angefaa kupelekwa: palipokuwa na mashine ya kupiga chapa, palipokaa mtu akaandika, palipokusanyika watu kusikiliza mashairi. Niliwatajia chumba cha misheni, maktaba ya zamani, shule mbili tatu. Wakaandika, wakanywa chai, wakashukuru. Nilipowafungia mlango nilijua kwamba mahali pawili nilikuwa nimepanyamazia, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko hata ualimu.

Mahali pa kwanza ni baraza la duka la baba, Mbeya, katika miaka ya hamsini. Baba alikuwa muuza nguo. Watu wake walitoka pwani, upande wa Pangani, wakapanda bara na biashara zao pole pole mpaka wakafika Mbeya, na baridi ikawakuta hawana hata sweta. Baraza lilikuwa la saruji, linatazama njia ya sokoni, na nyuma yake uliuona mlima Loleza umejifunika ukungu asubuhi nzima. Marobota ya vitambaa vya marekani na kaniki yalikuja yamefungwa kwa karatasi ngumu ya rangi ya kaki, na karatasi ile mama hakuruhusu itupwe. Aliikata, akaikunja, akaishona kwa uzi wa cherehani, akaivisha jalada la kaniki na kulifunga kwa kamba yenye fundo kubwa. Hilo ndilo lilikuwa daftari lake. Humo aliandika tenzi kwa Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yake, maana shule ya herufi za Kirumi hakuwahi kuiona hata dirisha lake.

Siku ya soko mama alitandika mkeka barazani. Wanawake wa Kisafwa walioteremka milimani na viazi na kuni walitua mizigo yao, na kabla hata hawajafuta jasho mmoja wao alikuwa ameshasema, "Mama Saida, tusomee sisi ile ya baridi." Saida ndiye mimi. Mama akajifanya hataki, kisha akasoma:

Mbeya nilipowasili,
baridi nayo ni kali,
shuka nikavaa mbili,
na meno yakagongana.

Walicheka mpaka viazi vikabiringika. Wengine Kiswahili cha pwani kiliwapiga chenga, hivyo mwenzao aliwafasiria kwa Kisafwa, na kicheko kikaja mara ya pili. Dereva wa lori la mchele kutoka Rujewa aliegesha lori lake pale akisingizia kwamba injini imepata moto. Wachimba dhahabu kutoka Makongolosi waliingia dukani kununua yadi mbili za marekani wakakaa mpaka alasiri. Mtu mwenye jambo lake alimsimulia mama, na siku ya soko iliyofuata alilikuta limeshaingia kwenye beti: ng'ombe aliyezama matopeni Usangu, bwana harusi aliyelala usingizi siku ya harusi yake. Hata ndugu hawakusalimika. Shangazi yangu Tausi, dada yake baba aliyekuwa akiishi Iringa, alikuwa na beti zake kumi nzima kuhusu kopo la sukari alilolifungia kabatini na ufunguo akautundika shingoni. Baba alizicheka sana beti hizo, kisha akasema, "Mama Saida, dada akisikia haya, wewe na mimi tutafute pa kukaa."

Mama alifariki wakati wa mvua nyingi, kwa homa iliyomchukua siku nne. Kwetu wanawake na watoto wa kike hawaendi makaburini. Nilikaa chumbani miongoni mwa kanga nyingi zenye unyevu, nikasikia sauti za wanaume zikiteremka barabarani na jeneza, zikapungua, zikaisha. Sikulia. Watu walingoja nilie. Majirani walinikumbatia, wakaniangalia usoni kama mtu anavyoangalia sufuria inayokaribia kuchemka, kisha wakakata tamaa wakaenda kuwafariji wengine. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua ni wako, unaugusa, nao hausemi kitu. Nilikula nilipoambiwa nile, nilioga nilipoambiwa nioge. Mpaka arobaini inasomwa nilikuwa nimejua idadi ya nyufa zote za dari ya chumba kile.

Baba hakuweza kuendesha duka na kulea mtoto wa kike peke yake, au ndivyo walivyoamua wakubwa. Shangazi Tausi akaja kunichukua. Siku ya kuondoka baba alilitia daftari la kaniki ndani ya sanduku langu la bati, katikati ya nguo, akasema, "Litunze mpaka nije, mwanangu." Nikasema ndiyo. Basi liliondoka alfajiri, na safari ya Iringa siku hizo ilikuwa ya kutwa nzima. Tulikwama matopeni mara mbili kabla ya Makambako, abiria wakashuka kusukuma, shangazi akiwa ndani ya basi anawaelekeza kupitia dirishani. Nilitazama mvua ikipiga kioo. Nakumbuka nilijaribu kuufikiria uso wa mama nikaona kioo tu.

Shangazi Tausi hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema. Aliishi Mshindo, karibu na msikiti, katika nyumba yenye harufu ya karafuu na mafuta ya taa. Majirani Wahehe wakipita kumsalimu "Kamwene!" aliwaitikia kwa lafudhi ya Pangani iliyowachekesha. Alinifunga nywele kwa upole, alinipa nafasi ya ukutani kitandani ili nisipigwe na baridi, na sukari, kwa kweli, aliifungia kabatini na ufunguo uko shingoni. Kuhusu dini alikuwa imara. Sura nyingi alizisoma kwa moyo bila kukosea, maana utotoni alizisikia kupitia ukuta, kaka zake wakifundishwa upande wa pili. Yeye hakukalishwa mbele ya juzuu hata siku moja. Herufi hakuzijua. Kwake maandishi yoyote ya Kiarabu yalikuwa neno la Mungu, na hakuwa peke yake mtaani katika kuamini hivyo.

Pale mtaani palikuwa na desturi. Karatasi yenye maandishi hayo ikichakaa haitupwi, haifungiwi karanga, haikanyagwi. Inatunzwa mpaka mwezi wa Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, ndipo kila nyumba hutoa kurasa zake zilizochanika, watoto wa chuo cha Kurani huzifunga katika vitambaa vyeupe, na maalim huwaongoza kuzipeleka pasipopita mguu wa mtu. Mahali pengine huzizika ardhini au huzizamisha mtoni. Iringa ni mji wa mawe, kwa hiyo zilipelekwa kwenye jiwe, juu ya mtaa, lenye ufa mrefu uliokwenda ndani gizani. Maalim Bakari, aliyekuwa akitufundisha, hakuweza kuingiza hata kiwiko. Kazi hiyo ilikuwa ya wenye mikono myembamba.

Basi Shaabani ile nikarudi kutoka kuchambua mchele nikamkuta shangazi amefungua sanduku langu la bati, anatafuta kama mama aliacha kurasa zozote za kusitiriwa. Alikuwa ameshalishika daftari. Alilifungua, akaona herufi, akalibusu. Akaliweka kwenye paji la uso, akalibusu tena. "Masikini mama yako," akasema, "alikuwa na juzuu imechakaa hivi wala hakumwambia mtu." Mimi nilikuwa mlangoni na ungo mkononi. Nilijua ni nini kile. Nilijua hata kwamba ukurasa aliokuwa akiubusu huenda ulikuwa wa kopo lake la sukari. Neno moja tu lilihitajika, na mtu wa kulisema nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nilitunze. Nilisikia kabisa neno lenyewe likikaa kooni, halina uzito wowote, wala halikuona sababu ya kutoka. Shangazi akalifunga daftari ndani ya kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sikukuu, akanikabidhi nilibebe mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa la mama yangu.

Tulipanda mlimani watoto kama ishirini, tumepanga mstari, na maalim mbele akisoma. Majani yalikuwa na umande, na miguu ikatulowa mpaka magotini. Tulipofika maalim akasema, "Mikono myembamba ije mbele," na wa kwanza nikawa mimi. Nililala ubavu, nikaingiza mkono, nikasukuma. Daftari likateleza, likagonga kitu kama rafu ya jiwe, likatulia. Nikalisukuma tena kidogo kwa ncha za vidole mpaka nikahisi limelala vizuri. Maalim akaomba dua, watoto wakaitikia amina. Yale yalikuwa mazishi pekee niliyohudhuria mwaka ule, na niliporudi nyumbani nilikula vizuri, shangazi akafurahi.

Baba alikuja wakati wa kipupwe, Ramadhani imeshapita, amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Alikuwa amekonda, ila macho yake yalikuwa na uhai ambao sikuuona tangu msiba. Hakungoja hata chai. Alisema kuna bwana mmoja Dar es Salaam mwenye mashine ya kupiga chapa, amesikia habari za tenzi za barazani kutoka kwa dereva wa lori, amekubali kuzitoa ziwe kitabu. Kitabu kabisa, kwa herufi za Kirumi, na jina la mama juu ya jalada. Baba angekaa wiki moja kuzinakili, kisha azitume. "Wanawake wa sokoni kila juma wananiuliza," alisema, "nami nimeshawaahidi. Saida, niletee daftari."

Sikuinuka. Niliitazama miguu yake, viatu vyake vina vumbi jeupe la njiani. Ndipo nikasema, kwa sauti ya mtu anayejibu hesabu darasani, kwamba liko kwenye jiwe na karatasi za Shaabani. Shangazi alikuwa anamimina chai. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alijipiga mdomoni kwa kiganja. "Kaka, nimelibusu," alisema. "Wallahi nimelibusu mara mbili. Niliona ni herufi." Akaanza kulia, mwanamke mzima mwenye ufunguo shingoni, na baba ikabidi ambembeleze yeye. Hakunigombeza mimi. Ingekuwa afadhali angenigombeza, nadhani, huenda kofi lingenifungua.

Walikwenda kwa Maalim Bakari kuuliza kama inafaa. Maalim alifikiri sana. Alisema kama daftari lilianza kwa bismillahi basi halikuwekwa mahali pabaya, lakini mali ya mtu ni ya mtu, na mtoto aliyeliweka ndiye akalitoe. Kesho yake asubuhi nikapanda na baba peke yetu. Upepo ulikuwa wa baridi hasa, ule wa Iringa unaopenya kwenye matundu ya vifungo. Baba alivua koti akajaribu mkono wake, ukakwama kwenye kiwiko. Akajaribu kwa fimbo, ikagonga jiwe. Akarudi nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ingiza wewe. Taratibu tu."

Nikalala ubavu. Nikaweka shavu kwenye jiwe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikadhani havitajua kitu, lakini vilijua. Kwanza vitambaa, kisha karatasi laini za juzuu zilizoanza kulowana, kisha, pale kwenye rafu, kitambaa cheupe kilichofunguka na chini yake kaniki. Nililigusa fundo la kamba. Nililigusa lote, pembe kwa pembe. Ningeweza kulivuta. Lilikuwa pale, kavu, na nyuma yangu baba alikuwa ameacha kupumua.

Nikasema, "Hamna kitu, baba."

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Jibu nililonalo ni kwamba Mbeya walimchukua mama sikuona alikopelekwa, na hapa nilikuwa nimemlaza mwenyewe, kwa mkono wangu, nikahakikisha amelala vizuri. Lakini hilo ni jibu la mtu mzima. Siku ile sikufikiri hivyo wala vinginevyo. Niliutoa mkono, nikausimamisha mwili, nikauweka mkono nyuma yangu nikiwa nimekunja ngumi. Baba alinitazama. "Umefika mwisho?" akauliza. Nikasema nimefika. Akasema, "Haya," akanivika koti lake, likaniburuza mpaka kwenye nyayo, tukashuka. Mjini aliniagizia chai ya maziwa na vitumbua. Jioni alimwambia shangazi kwamba karatasi zimeharibika na yaishe. Kesho yake akarudi Mbeya.

Hakuuliza tena, si mwaka ule, si aliponichukua kurudi nyumbani, si nilipokuwa mwalimu ninayekuja likizo na vitabu vya wenzangu vilivyopigwa chapa. Wanawake wa sokoni waliuliza miaka kadhaa, baba akawaambia limepotea njiani, wao wakampa pole kana kwamba amefiwa mara ya pili. Baraza likawa baraza la duka tu. Ng'ombe wa Usangu, bwana harusi msinzia, sukari ya shangazi, vyote viko ndani ya jiwe. Mimi nimebaki na ubeti mmoja wa baridi, na hata huo nimewafundisha watoto wa shule miaka mingi bila kuwaambia ni wa nani. Baba alifariki nikiwa na watoto wangu. Kwenye msiba wake pia sikulia.

Mwezi uliopita niliwapigia simu wale vijana, nikawaambia nimesahau mahali pamoja. Wageni Iringa hupelekwa Gangilonga, jiwe linalosemekana huongea. La kwangu halina jina, na siku hizi nyumba zimelipandia mpaka mbavuni, upande mmoja umepasuliwa kokoto. Tulisimama kando kupisha malori, na kijana mmoja akasema hayo mengine yanabeba karatasi kutoka kiwanda cha Mgololo, mabunda kwa mabunda. Mimi nikafikiria mama na mkasi wake, akikata karatasi ya marobota asipoteze hata ukingo. Nilipanda nimeshikwa mikono huku na huku. Ufa bado upo. Niliwaeleza kuhusu daftari, kwamba liliwekwa humo kwa makosa, na zaidi ya hapo sikueleza. Msichana mmoja wao, Neema, binti wa wakulima wa milimani kule Mbeya, mwembamba kama nilivyokuwa, akasema, "Ngoja nijaribu, bibi." Kabla sijamkataza alikuwa ameshalala ubavu na shavu lake liko kwenye jiwe.

Alikaa muda mrefu. Kisha akautoa mkono, akaunyoosha mbele yangu, vidole vitano wazi, akaugeuza huku na huku. Palikuwa na vumbi, kinyesi cha pimbi na karatasi ya pipi. "Hamna kitu, bibi," akasema, akapuliza vumbi, akacheka.

Nikautazama ule mkono. Ndivyo anavyofanya mtu ambaye kweli hakukuta kitu. Anakuonyesha. Mimi wangu niliuficha nyuma ukiwa ngumi, mbele ya mwanamume aliyeuza nguo maisha yake yote akitazama mikono ya wateja. Baba alijua. Alijua pale pale, kabla sijafunga mdomo. Iringa ile ilikuwa imejaa mafundi wa kupasua mawe kwa moto na nyundo, angeweza kumleta mmoja kesho yake asubuhi akapata kitabu chake chenye jina la mama juu. Akasema haya, akanivika koti, akarudi Mbeya kuwadanganya wanawake wa sokoni kwa ajili yangu, mpaka akafa.

Neema aliniuliza kama nimechoka. Vijana walikuwa wameshatoa simu zao wanataka kujua waandike nini kuhusu mahali hapa. Nikawaambia waandike jina la mama, Mwanamkuu, na chini yake ubeti wake, nitawasomea. Nikaanza, Mbeya nilipowasili, baridi nayo ni kali, na kwenye shuka mbili sauti ikakatika. Walingoja. Nilikuwa nalia, miaka sabini baada ya watu kuningoja nilie.